Benachin ya Nyama Imekugomea? Tafuta Kosa Kwenye Mchuzi

Huwa naletewa picha za masufuria. Moja wali umelala kama uji uliopoa, nyingine punje za juu ngumu na chini moshi, nyingine rangi ya waridi utadhani wali umechemshwa kwa sharubati. Wanaozileta ni watu wetu, wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, mmoja yuko Muscat. Walikula benachin mahali, ikawaingia, wakataka kuipika nyumbani. Wote wanajua kupika wali, na hapo ndipo penye shida: wanaijua pilau, na mkono wa pilau ndio unaowaharibia.

Benachin ni chakula cha mchana cha Gambia na Senegal. Kwa Kiwolofu, benn ni moja na cin ni chungu, yaani chakula cha chungu kimoja. Ikipikwa kwa nyama, Wasenegali wanaiita ceebu yàpp, wali wa nyama. Ya samaki ni ceebu jën, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2021. Jollof, wali wa nyanya wa Ghana na Nigeria, ule unaogombewa kama mechi ya watani wa jadi, umebeba jina la dola ya zamani ya Jolof, ya hao hao Wawolofu. Wao wenyewe sijawasikia wakigombana. Wanapika tu.

Mimi nilifundishwa Serekunda, mji wa Gambia, na mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye sote tulimwita Yaay, yaani mama. Hakuwa na kikombe cha kupimia. Alikuwa na mwiko, jicho, na ulimi, na ulimi aliutumia mapema: alionja mchuzi mara nne au tano kabla mchele haujakaribia sufuria.

Hiyo ndiyo tofauti ya kushika kabla ya kuanza kutafuta kosa. Kwenye pilau, maji na mchele unavipima pamoja na vinakwenda pamoja. Kwenye benachin mchuzi unamalizika kwanza, peke yake. Nyama inakaangwa, kitunguu kinakaangwa, nyanya ya kopo inakaangwa hasa, maji yanaingia, mboga zinaivia humo na kuopolewa. Mchele unakuja mwisho kunywa kilichobaki. Kwa hiyo dalili unayoiona kwenye wali mara nyingi ilizaliwa kwenye mchuzi, nusu saa au zaidi kabla.

Vipimo vyangu vya kawaida, ili tuelewane: mchele kilo 1, nyama ya ng'ombe yenye mfupa kilo 1, mafuta robo lita (Serekunda wanatia zaidi, na kwa desturi ni ya karanga), nyanya ya kopo gramu 140, yaani vile vikopo vidogo viwili, vitunguu maji vitatu, kitunguu saumu kilichotwangwa na pilipili manga, pilipili mbuzi moja nzima, na mboga: kabichi, karoti, muhogo, boga, bilinganya, nyanya chungu. Ipo pia benachin nyeupe isiyo na nyanya ya kopo kabisa. Ukipika hiyo, ruka sehemu ya rangi hapo chini.

Wali umekuwa mashendea

Hili ndilo lalamiko namba moja, na sababu yake ya kwanza karibu kila mara ni mchuzi mwingi. Mboga zilipokuwa ndani ulihitaji maji ya kuzifunika. Ulipoziopoa, maji yale yakabaki, ukamwaga mchele juu yake. Sasa mchele unaogelea.

Kipimo chepesi: baada ya kuopoa kila kitu, chota mchuzi kwenye bakuli, bakiza ule unaodhani unatosha, tia mchele, usawazishe kwa mgongo wa mwiko, kisha angalia. Mchuzi uonekane juu ya mchele kiasi cha sentimita moja, usizidi. Ule wa bakulini haupotei. Utaurudisha kidogo kidogo ukionekana kuhitajika. Kuongeza ni rahisi, kuondoa mchuzi ulioshanywewa haiwezekani. Anayetaka namba aanzie hapa: kikombe kimoja na nusu cha mchuzi kwa kila kikombe cha mchele wa punje ndefu usiovukizwa, au kikombe kimoja na robo, hata pungufu, kwa chenga zilizovukizwa.

Naam, chenga. Sababu ya pili ni aina ya mchele. Kule benachin na ndugu zake hupikwa kwa mchele uliovunjika, ule ambao sokoni kwetu hununuliwa kwa bei ya chini. Wafaransa waliuleta Senegal kutoka makoloni yao ya Indochina, wakati wakulima wakisukumwa kulima karanga za kuuza badala ya chakula, na watu wakauzoea hadi wakaupenda kuliko mchele mzima. Chenga hunywa mchuzi haraka na huingia ladha hadi ndani, lakini pia hutoa wanga mwingi pale zilipovunjika. Usipoziosha mpaka maji yatoke maangavu, bila ukungu wa wanga, zitashikana hata ukipima vizuri namna gani. Mchele wa Kyela au pishori nao ni laini kwa asili, na ukiwa mpya wa msimu ndiyo kabisa: punguza mchuzi zaidi. Mimi siutumii hapa. Harufu yake ni nzuri, ila inagombana na harufu ya mchuzi huu, na kwenye ugomvi huo zote mbili zinashindwa.

Sababu ya tatu ni kuruka uvukizaji. Yaay aliuweka mchele ulioshwa kwenye chujio la bati, akalikalisha juu ya sufuria mchuzi unapochemka, akaziba mwanya wa pembeni kwa kitambaa kilicholowa ili mvuke usitoroke. Dakika 15 hadi 20, katikati akaugeuza mara moja na kuunyunyizia maji. Punje zinatoka zimeshakaza ngozi, na zikiingia kwenye mchuzi zinachambuka. Mwenye mchele wa punje ndefu anaweza kuiacha hatua hii. Mwenye chenga asiiache.

Ya mwisho ni mkono mwepesi. Wali huu unageuzwa mara moja tu kutoka chini, mchuzi ukishakaribia kwisha. Kila unapofunua na kukoroga unavunja punje na kutoa wanga.

Ukishaharibika: funua, punguza moto hadi mdogo kabisa, hamishia wali kwenye sinia pana dakika kumi mvuke utoke, kisha urudishe kwenye sufuria kavu. Ukiwa umelegea kidogo utarudi. Ukiwa umeshakuwa bokoboko, uache hivyo hivyo na uule. Usiongeze mchele mkavu "unyonye maji". Nilishafanya hivyo, nikapata mashendea yenye kiini.

Juu una kiini, chini unaungua

Anza na moto. Mchele ukishaingia na mchuzi ukachemka tena, moto ushuke hadi mdogo kuliko wote. Majiko mengi ya gesi hayashuki vya kutosha, kwa hiyo weka tawa la chapati chini ya sufuria ligawe joto. Wa mkaa ana bahati: punguza makaa chini, palia juu ya mfuniko, kama mama zetu walivyofanya na wali wa nazi. Sijamwona Yaay akipalia, lakini alipoona nikifanya hivyo hakunikataza, na kwa Yaay hiyo ilikuwa sifa.

Moto ukiwa sawa, kagua mfuniko. Ukiona mvuke unatoka pembeni kwa mkondo, unyevu wa kuivisha punje za juu ndio huo unaokwenda. Utawaona wapishi wakitandaza mfuko wa plastiki juu ya wali kabla ya kufunika. Unaziba vizuri, lakini plastiki ya dukani haikutengenezwa kukaa juu ya mvuke wa moto, na mimi siitumii. Karatasi ya alumini inatosha, jani la mgomba linatosha zaidi.

Vyote viwili vikiwa salama, basi ama mchuzi ulikuwa mdogo, ama nyanya haikukaangwa ikaiva. Nyanya ya kopo isiyokaangwa ni nzito na ina sukari. Huzama, hukaa chini, huungua kabla wali haujaanza kuiva. Sufuria nyembamba ya bati inaongeza tu kasi ya hayo.

Kwa wali wenye kiini, chukua mchuzi wa bakulini ukiwa wa moto, nusu kikombe, toboa mashimo matano au sita kwa mpini wa mwiko, mimina humo, funika dakika kumi. Maji baridi yanasimamisha upishi, usiyatumie.

Ikiwa harufu ya kuungua imeshatoka, usikoroge na usikwangue. Zima moto, chota wali wa juu haraka uuhamishie sufuria nyingine, acha wa chini ulipo. Kipande cha mkate juu ya wali ni ushauri wa kila jirani. Mimi sijaona kikimsaidia mtu isipokuwa aliyekila.

Ukoko lakini si kosa. Kule wanauita xooñ, na hukwanguliwa na kugawiwa kama vile kwetu watoto wanavyogombea matandu. Unaotakiwa ni wa kahawia, unanukia kama karanga zilizokaangwa, na kwa ndimu ni mtamu kuliko wali wenyewe. Mweusi ni mkaa, tupa. Ukiwa umeng'ang'ania, kalisha sufuria juu ya kitambaa kilicholowa dakika kumi, utaachia wenyewe.

Rangi ya waridi, ladha kali ya kopo

Hapa sina huruma, maana sababu ni ileile katika picha tisa kati ya kumi: nyanya haikukaangwa, ilichemshwa. Mtu ametia nyanya ya kopo, akaikoroga dakika mbili, akaona kila kitu chekundu, akamwaga maji.

Nyanya ya kopo kwenye mafuta ina sauti mbili. Mwanzo inaruka na kupiga kelele kwa sababu ina maji. Baada ya dakika kumi hivi inatulia, inachirizika taratibu, na mafuta yanajitenga pembeni yakiwa na rangi ya machungwa. Rangi ya nyanya yenyewe inatoka wekundu wa kopo na kuelekea udongo wa mfinyanzi. Hapo ndipo imeiva. Dakika 10 hadi 15 kwa moto wa kati, mwiko usitoke mkononi. Ukionja tone, uchachu unaochoma nyuma ya ulimi umeondoka.

Kama ulikaanga muda wote huo na haikubadilika, tazama mafuta. Yakiwa machache, nyanya inachemka kwenye maji yake yenyewe. Halafu tazama kama ulitia nyanya mbichi pamoja nayo, maana maji yake yanarudisha kila kitu nyuma. Nyanya mbichi iingie ya kopo ikishaiva. Mwisho soma lebo. Kuna nyanya za kopo zilizoongezewa wanga, na hizo zinashika chini ya sufuria na kuungua kabla ya kukolea.

Ukigundua baada ya kutia maji, bado una nafasi: acha mchuzi uchemke bila mfuniko dakika 20 zaidi, mafuta yapande juu, kabla ya mchele. Ukigundua baada ya mchele, imepita. Na ikiwa nyanya imeungua, yaani imekuwa nyeusi na chungu, usijidanganye kwamba mchuzi utaifunika. Uchungu huo utaukuta kwenye kila punje. Toa nyama uisuuze, mwaga mafuta, anza na nyanya nyingine.

*Simama hapa.* Hatua hii ndiyo yenye mafuta ya moto, na ndiyo inayoleta ajali. Mafuta yakianza kutoa moshi, zima jiko usubiri. Yakishika moto, zima gesi kama unaifikia salama, funika sufuria kwa mfuniko au sinia la chuma, uache mpaka ipoe. Usimwage maji, yatarusha moto jikoni kote. Usinyanyue sufuria kukimbia nayo nje. Moto ukishafika ukutani au kwenye pazia, toa watu, funga mlango, piga simu zimamoto. Tanzania namba ni 114. Aliyeungua mwagie maji ya bomba ya kawaida dakika 20, si dawa ya meno wala yai, na kidonda kikubwa kuliko kiganja, au cha usoni, au cha mtoto, kiende hospitali.

Chumvi ipo, ladha hakuna

Onja mchuzi kabla ya mchele. Ukikupendeza kama supu ya kunywa, hautoshi. Mchele hauna chumvi na utaigawana na mchuzi, hivyo mchuzi unatakiwa uzidi kidogo, kiasi kwamba ukiunywa kijiko unasema "mh". Hilo ndilo la kwanza.

La pili ni nyama iliyotiwa majini bila kukaangwa. Ikaange vipande vichache kwa zamu, upande uwe wa kahawia kabisa. Ukijaza sufuria inatoa maji na kujichemsha. Kile kinachoganda chini ya sufuria baada ya nyama ndiyo ladha yenyewe. Kitunguu na maji vitakibandua.

La tatu ni kiungo cha kutwanga, ambacho Senegal wanakiita nokos: saumu, pilipili manga, pilipili, kitunguu. Wengi wanakitia chote mwanzoni, kinachoka. Tia nusu na kitunguu, nusu nyingine dakika chache kabla ya mchele.

Halafu kuna kile ambacho hatuna. Netetu ni mbegu za mti wa Parkia biglobosa zilizochemshwa na kuchachushwa. Guedj ni samaki aliyechachushwa na kukaushwa, yéet ni nyama ya konokono mkubwa wa baharini iliyochachushwa vilevile. Guedj na yéet ni za ceebu jën zaidi, ila netetu kidogo huingia hata kwenye ya nyama. Harufu ya netetu kwenye mfuko inatisha, na watu wawili walishaniambia wameitupa wakidhani imeoza. Haikuoza. Usipoipata, kipande cha ng'onda au papa mkavu ukubwa wa kidole gumba, kikiloweshwa na kuchemkia kwenye mchuzi, kinasogea karibu.

Wali ukishaiva bila ladha, usinyunyize chumvi kavu. Iyeyushe kwenye ule mchuzi wa bakulini, nyunyizia, geuza mara moja. Au fanya kama wafanyavyo kwa ceebu yàpp: kaanga vitunguu vingi kwa haradali, pilipili manga na siki au ndimu, uviweke pembeni mwa sinia. Ukwaju uliokamuliwa nao unaamsha wali uliolala.

Chumvi imezidi

Karibu kila mara ni vile vipande vya kiungo vya kufungwa kwa karatasi. Vina chumvi nyingi kuliko unavyodhani, na mtu anatia vinne kisha anaongeza na chumvi. Kabla ya mchele, chota theluthi moja ya mchuzi ubadilishe na maji ya moto. Kiazi hakivuti chumvi, kinakunywa mchuzi wenye chumvi tu. Wali ukishaiva, pika wali mweupe bila chumvi uuchanganye, hakuna dawa nyingine.

Mboga zimesambaratika, nyingine bado ngumu

Ziliingia zote pamoja. Muhogo unataka dakika 25 hadi 30, karoti na vipande vikubwa vya kabichi kama 20, boga na bilinganya 15, nyanya chungu kati ya 10 na 15, bamia tano hadi saba. Kata vipande vikubwa. Kule mboga inawekwa katikati ya sinia ili mama wa nyumba aimegee kila mmoja upande wake, haikatwi vidogo kama ya kachumbari. Kila moja ikiiva iopoe, uiweke kwenye bakuli lenye mfuniko na kijiko cha mchuzi. Kisu kikiingia bila kubishana, imeiva.

Nyanya chungu ikitoka chungu kweli, imefanya kazi yake. Lakini *muhogo mchungu ni jambo lingine*. Uchungu wa muhogo ni dalili ya sumu ya sianidi. Menya maganda yote mawili, la nje na la ndani, loweka, chemsha hadi ulainike. Ukiuonja baada ya kuiva na bado ni mchungu, utoe, na mchuzi ulioivia uumwage pia. Aliyekula akaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida, usimpe maziwa ukangoja. Apelekwe hospitali.

Nyama haiumiki

Steki isiyo na mafuta hukauka. Chukua kifua, shingo, au nyama ya mfupa. Muda ni saa moja na nusu hadi mbili za kutokota, si za kuchemka kwa fujo. Kama bado ngumu, mchele usubiri; ukitia mchele juu ya nyama ngumu ukitumaini zitaiva pamoja, utakula wali uliopitiliza na nyama ileile ngumu. Kipande cha papai bichi kwenye mchuzi kinasaidia.

Ukitumia sufuria ya presha kufupisha kazi, usijaze kupita theluthi mbili. Kidude cha kutolea mvuke kikinyamaza ghafla moto ukiwaka, kimeziba: zima, kaa mbali, iache ipoe yenyewe. Mfuniko ukigoma kufunguka usiupige wala kuulazimisha. Mpelekee fundi abadilishe mpira na vali kabla ya kuitumia tena.

Pilipili imepasuka

Pilipili mbuzi inaogelea nzima, na kazi yake ni kunukisha. Mwiko ukiipasua, iopoe upesi na mbegu zake zote, chota mafuta yanayoelea juu, kwa sababu ukali umekaa humo, na upunguze huo mchuzi. Kuanzia siku hiyo iweke kwenye kijichujio.

Mabaki, na waliokula wakaugua

Benachin ni ya mchana, saa nane au tisa, na kinachobaki kinataka kukaa sufuriani hadi usiku. Hapana. Mchele una vijidudu, Bacillus cereus, ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu vinaamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ndani ya saa mbili, tandaza kwenye sinia upoe, tia kwenye friji, pasha mara moja tu mpaka utoe mvuke. Wali uliolala nje usiku kucha utupe hata kama haunuki.

Kutapika na kuharisha mara nyingi kunakwisha ndani ya siku moja kwa maji ya chumvichumvi ya hospitali. Damu kwenye choo, mtoto asiyekojoa, au mtu asiyeweza kushikilia hata maji tumboni, nenda kituo cha afya. Na kwa kuwa mafuta ni ya karanga, uliza wageni kabla. Mdomo na ulimi vikivimba au mtu akianza kukoroma akipumua, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Gesi ikinuka ukiwa huna jiko lililowashwa, funga vali ya mtungi, fungua madirisha, usiguse swichi ya taa wala kiberiti, toka nje umwite fundi. Benachin itasubiri.

Kilo moja inatoka vizuri, kilo tano zinaharibika

Hili naulizwa na wenye shughuli. Mchuzi hauongezeki sawasawa na mchele, kwa sababu unaopotea kwa mvuke hauongezeki mara tano. Ukizidisha kila kitu kwa tano utapata mashendea. Punguza mchuzi kiasi cha sehemu moja kwa kumi, uweke pembeni, uongeze ukihitajika. Tatizo jingine ni kina. Wali wa kilo tano ndani ya sufuria ndefu una uzito wake, wa chini unagandamizwa na wa juu haufikiwi na joto. Tumia sufuria pana, au mbili. Nyanya ndiyo inayosahaulika: gramu 700 haziivi kwa dakika 15, zipe nusu saa na zaidi.

Ikifika watu mia, mwite mpishi wa shughuli mwenye masufuria yake na kuni zake. Mkalie pembeni kwa jambo moja tu, asimwage maji mpaka nyanya imetulia na mafuta yamejitenga. Mengine anayajua kuliko sisi.